Nilifagia Pip Zote

Alhamisi, 6 Machi
Mvua tena. Nimechuma majani chai, nimeoga, nimerudi kwa laptopu. Jumatatu nina mahojiano ya kazi mjini Kisii kwa Bi Zuhura, mwenye kampuni ndogo ya kuunda programu. Nikipata, nitafanyia kazi hapahapa Kebirigo. Nikikosa, ni Nairobi, na Mama abaki peke yake na shamba. Sitaki kwenda. Yeye amefua begi langu la safari na kulianika barazani.

Ijumaa, 7 Machi
Maandalizi ya Sabato, inayoanza leo jua likizama. Nimepiga deki, nimepiga pasi, Mama amepika mboga za chinsaga za kesho. Mimi nikishika ufagio siachi. Nikaingia ndani ya laptopu. Kwenye folda ya Python, lugha ninayoandikia programu, nikakuta pip, pip3 na pip3.12. Tatu! Kazi yao moja tu, kuleta vifurushi vya programu. Nikaona ni takataka za zamani, pip yenyewe lazima iko kwingine. Nikafuta zote.

Nikajaribu kuita pip. Amri haijulikani. Pip3, vilevile. Ndipo Mama akaita kutoka jikoni, "Moraa, jua inaingia. Zima hiyo kitu!"

Nimezima. Najichukia, mimi na ufagio wangu.

Jumamosi, 8 Machi
Kanisani. Mahubiri kuhusu pumziko. Sikupumzika.

Baada ya ibada nilimngoja Mama nje. Mzee wa kanisa akamwita Dada Rael. Jirani akamwita Mama Moraa. Shangazi wa Nyacheki akamwita Kwamboka. Mara zote aligeuka mtu yuleyule. Nikashtuka. Kumbe nimefuta majina ya kuitia tu! Pip mwenyewe huenda bado yumo.

Jua likazama, nikakimbilia laptopu. Betri tupu, na stima imepotea. Nimecheka, ningefanyaje?

Jumapili, 9 Machi
Stima imerudi. Sikuita pip. Nimeiambia Python iiite yenyewe: python -m pip --version. Imeitika! Nimepiga ukelele, kuku wakatawanyika. Kurudisha zile tatu kunataka bando za intaneti, na bando zimeisha. Basi nitaenda hivyohivyo.

Jumatatu, 10 Machi
Bi Zuhura alitaka tuweke kifurushi kimoja kwenye laptopu yangu, tukitumia mtandao wa ofisi. Nikaandika amri yangu ndefu. Akasimama nyuma yangu.

"Mbona unazunguka hivyo?"

Njia ya mwongo ni fupi. Nikamweleza yote, ufagio, Sabato, majina ya Mama. Alicheka hadi akavua miwani. Kisha akauliza kwa nini pip haikufa. Nikajibu kwamba zile tatu ni milango ya nyumba moja, na mwenye nyumba hakutoka. Akavaa miwani tena, akaniambia ningoje. Watapiga simu.

Jumatano, 12 Machi
Hakuna simu. Begi limekauka. Mama amelikunja vizuri, akaliweka kitandani kwangu.

Ijumaa, 14 Machi
Simu imeita nikiwa na kitambaa cha deki mkononi. Kazi ni yangu, na nitaifanyia hapa nyumbani. Nimemwambia Mama. Amesema tu, "Haya, maliza kupiga deki." Kisha nikamsikia akiimba jikoni.

Laptopu nimeifuta vumbi la nje, basi. Nimeizima kabla ya kuambiwa. Chumbani sikulikuta begi kitandani. Mama amelirudisha juu ya kabati.