Mkono wa Wekesa na Gari la Mwalimu Wangari

Thika, Jumapili mchana

Mayi wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kabla ya neno lingine lolote, maana hata mtoto mwenye hasira humsalimu mamake kwanza. Magoti yanasemaje na mvua hizi? Ng'ombe mwekundu alizaa salama? Na mahindi ya kule mtoni yamesimama, au maji yameyalaza tena? Mimi mwili ni mzima, nakula, nalala. Moyo ndio sitaki kukudanganya.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu simu yako hupokewa na yeyote aliye karibu, ikawekwa spika, na jikoni nzima ikanyamaza kusikiliza. Barua hii nimempa binti wa Pasta anayekuja likizo, na nimemwapisha asimpe mtu ila wewe. Vaa miwani, uisome peke yako.

Ulinitumia ujumbe kwamba nimemtupa ndugu yangu Wekesa baada ya kuwa kilema, na kwamba nisikanyage boma kabla sijamwomba msamaha. Mayi, maneno hayo niliyasoma nikiwa chini ya lori la mtu, na nilikaa kule chini muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Wekesa amekueleza yake. Sasa sikiliza yangu.

Unaijua gereji ya Ruiru ambako Wekesa aliniingiza nilipotoka nyumbani. Kila ninachokijua juu ya gari ni yeye alinifundisha; hilo sijalikana na sitalikana. Baada ya Pasaka, gari moja lililetwa hapo likivutwa kutoka Kalimoni. Lilikuwa la Mwalimu Wangari, mama mzee mjane, zamani alikuwa mwalimu mkuu. Marehemu mumewe alilinunua wakati akiwa meneja wa shamba la kahawa. Ni gari la Kifaransa, refu, la wakubwa wa enzi zile, viti vya ngozi, na tangu mzee azikwe lilikuwa limekaa kibandani likichezewa na kuku. Mjukuu wa Mwalimu alikuwa anaolewa, naye akataka bibi harusi apelekwe kanisani na gari la babu yake.

"Kama hamwezi mniambie sasa," Mwalimu alisema, "nisiaibike mbele ya watu."

Bosi, mwenye gereji, alijibu kabla Wekesa hajafungua mdomo. "Mwalimu, hii ni kazi ndogo."

Haikuwa kazi ndogo. Gari hilo halina springi kama mengine. Linabebwa na mafuta ya kijani, yanayosukumwa na pampu kwa nguvu nyingi hadi kwenye matufe ya chuma yenye gesi karibu na kila gurudumu. Ukilizima likakaa, linashuka polepole mpaka tumbo linakaribia chini. Ukiliwasha linajiinua lenyewe, kwanza nyuma, halafu mbele, vile ng'ombe huamka. Mafundi wengi hulikimbia. Wekesa alijifunza magari hayo kwa mzee mmoja Nairobi, na ningetaka ungemwona alivyofurahi siku ile. Alilizunguka akilipapasa bodi kama mtu aliyekutana na rafiki wa shule.

Tulimwaga mafuta ya zamani, yalikuwa yamegeuka rangi ya chai. Tukaosha tangi na chujio kwa petroli, tukabadilisha mipira iliyopasuka, tukafunga matufe mapya. Injini iliwaka. Siku gari lilipojiinua mara ya kwanza, gereji nzima ilipiga makofi, hata Njoroge wa bodi aliacha nyundo yake. Ilibaki paipu moja ya nyuma, nyembamba, imeliwa na kutu, inavuja. Hiyo ndiyo iliyotumaliza.

Sheria ya gari hilo Wekesa alinifundisha siku ya kwanza: usiingie chini yake likiwa limejibeba lenyewe. Ukilegeza paipu, nguvu inatoka na gari linashuka papo hapo. Lazima liketi juu ya stendi za chuma. Gereji ilikuwa na stendi, lakini wiki ile Bosi alikuwa amezipeleka Thika kwa rafiki yake mwenye malori. Wekesa alimwendea mbele yangu.

"Bosi, tunahitaji stendi. Hiyo paipu siwezi kuigusa bila stendi."

"Harusi ni Jumamosi. Weka rimu na mbao. Mimi nilifanya hivyo miaka mingi."

"Hii si gari ya kuweka mbao."

"Basi nitafute fundi asiyeogopa."

Wekesa alirudi kwenye gari. Alipanga rimu kuukuu mbili mbili, akaweka mbao juu, akazisukuma kwa mguu kuona kama zinacheza. Akaingia. Mimi nilikuwa nimechuchumaa upande wa nyuma nikimpa spana. Nati ilikuwa imeshikana na kutu. Aliivuta, paipu ikakatika, na nikasikia mafuta yakitoka kwa nguvu. Gari lilishuka. Mbao moja iliteleza. Zile rimu ziliokoa kifua chake, Mayi, lakini mkono wa kulia ulikuwa katikati ya rimu na chuma cha gurudumu la nyuma la kulia. Sitakuandikia sauti niliyoisikia. Mimi na Njoroge tulileta jeki tukainua, tukamvuta akiwa amelowa mafuta ya kijani na damu. Hospitalini walijaribu kuuokoa mkono, kisha wakasema hauwezekani, wakaukata juu kidogo ya kiwiko.

Bosi alikuja wodini na juisi na maua. Alikaa na Wekesa, mlango umefungwa, mimi nikiwa nje. Nilidhani anaomba msamaha.

Baadaye ofisa wa kazi alikuja gereji kuuliza ilikuwaje, maana mtu akiumia kazini lazima iandikwe na fidia ijulikane. Asubuhi hiyo stendi zilikuwa zimerudi kutoka Thika. Zilipangwa ukutani, zimepigwa rangi mpya. Bosi alituita kabla ofisa hajafika. "Stendi zilikuwepo, na aliambiwa azitumie. Anayetaka kazi atakumbuka hivyo."

Ofisa alikuwa mama kijana, mpole. Alimuuliza Njoroge, Njoroge akasema hakuona, alikuwa anapiga bodi. Aliponiuliza mimi, nilisema yote: stendi zilikuwa Thika, Wekesa aliziomba, akakataliwa, na jibu alilopewa. Bosi hakunitazama hata mara moja. Alikuwa anatazama mlango, na mlangoni alikuwa ameingia Wekesa, shati jipya, mkono mmoja wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini.

Ofisa akasema, "Vizuri, mwenyewe amefika. Tueleze."

Ndugu yangu akasema, "Stendi zilikuwepo. Nilikuwa na haraka, nikazembea. Huyu ni mdogo wangu, ana uchungu, msimlaumu."

Alisema bila kukwama hata neno moja. Ofisa aliandika. Mimi nilibaki nimesimama pale kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimeambiwa nichukue vitu vyangu, niondoke.

Nilimfuata nyumbani kwake Gitothua jioni hiyo. Nafula, mkewe, alikuwa anamfungua vifungo vya shati. Sikuketi.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Bosi amenipa kazi ya langoni," Wekesa akasema. "Kufungua na kufunga. Mshahara hautakuwa wa fundi, lakini ni mshahara."

"Umemuuzia mkono wako."

"Mkono haupo, Simiyu. Kesi nayo ingekaa miaka, na mwenye nyumba hangoji kesi. Wewe una mikono miwili na huna mtoto. Ukifukuzwa Ruiru, kesho unaamkia Thika. Mimi fundi gani atanichukua?"

"Ungeniambia mapema ninyamaze."

"Ningekuambia, ungenyamaza?"

Niliitazama ile pini ya shati lake. 

"Unaona," akasema.

"Umeniita mwongo mbele ya watu."

"Nilisema una uchungu."

"Ni kitu kimoja."

Nafula alianza kulia, akaniomba niketi nile. Nilitoka. Hapo ndipo wanaposema nilimtupa.

Mwalimu Wangari alipokuja kuangalia gari lake, Bosi alimwambia habari ileile ya uzembe. Alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza aliyeumia yuko wapi, akaonyeshwa langoni. Njoroge ndiye aliyenisimulia haya. Mwalimu alimwendea Wekesa akamuuliza, "Kijana wangu, ni kweli ulizembea?"

"Ni kweli, Mwalimu."

"Ngai," akasema. "Nimefundisha watoto miaka mingi sana. Namjua anayesoma alichoandikiwa."

Akanitafuta kwa simu nimalizie kazi, akaita gari la kuvuta. Harusi ilikuwa imesogezwa mbele kwa sababu nyingine za wazazi wa bwana harusi, kwa hiyo siku zilikuwepo. Nilikwenda kulipokea gari mwenyewe. Wekesa alitufungulia lango kwa mkono wa kushoto, akasimama kando, macho yake kwenye kofuli. Nami nilipita nikitazama mbele. Sisi wana wa titi moja, Mayi, tulipishana hivyo.

Nilimalizia kazi kule Kalimoni, uani kwa Mwalimu, juu ya stendi nilizoazima. Nilifunga paipu mpya, nikajaza mafuta, nikatoa hewa, nikaliinua na kulishusha mpaka nikaridhika. Kila hatua nilimsikia Wekesa masikioni akinielekeza, na kila nilipomsikia nilikaza nati zaidi kuliko inavyotakiwa. Siku ya harusi Mwalimu alinivalisha koti la marehemu mumewe, nikampeleka bibi harusi hadi kanisani Ruiru. Akina mama walipiga vigelegele gari lilipojiinua. Watu walipiga picha. Mimi nilikuwa natazama gurudumu la nyuma la kulia.

Sasa niko Thika, gereji ya malori, si kwa yule rafiki wa Bosi. Hunijui anavyonijua Wekesa, lakini nadhani unanijua vya kutosha kujua kuwa sikusema ukweli ule kwa kujionyesha. Niliusema kwa ajili yake. Ukinitaka nimwombe msamaha, niambie kwa neno gani. Nimwombe msamaha kwa kuwa nilikuwa na macho? Na kinachonikera zaidi ni kwamba hesabu yake naielewa. Nikijiweka mahali pake, na watoto wale, na mkono ule, sijui ningesema nini kwa ofisa. Laiti ningeweza kumchukia moja kwa moja, ningepumzika.

Jumapili iliyopita alikuja hapa. Nilitoka nje nikamkuta amesimama ukutani, jasho linamtiririka, sanduku lake la spana begani. Lile sanduku hata mtu mwenye mikono miwili hulilalamikia.

"Hizi hazinifai tena," akasema. "Zitaota kutu bure."

Nilimpokea. Sikusema asante, naye hakuingoja. Aliniuliza kama nakula vizuri, nikasema ndiyo. Nikamuuliza watoto, akasema wako salama. Kisha akaenda, bega lake la kulia limeinuka juu kama anayebeba kitu bado, nami sikumsindikiza hata hadi barabarani, mimi uliyenifundisha kwamba mgeni husindikizwa.

Sanduku liko chini ya kitanda changu. Mashiko ya zile spana ameyazungushia mpira, kila moja kwa kipimo cha kiganja chake. Kazini natumia za kuazima.

Nisalimie Khotsa, mjomba wetu, mwambie paa la jikoni nitalitengeneza nikija. Msalimie nyanya yetu, Kukhu, na dada yetu Nekesa pamoja na mumewe na yule mtoto mchanga ambaye sijamwona. Mshukuru mama wa kanisa anayekuletea kuni. Salamu za Wekesa sizitumi. Ana mdomo wake.

Kama bado ni lazima nisikanyage boma, nijulishe kwa barua, si kwa simu.

Mimi mwanao aliyebebwa mgongoni mwako baada ya Wekesa,
Simiyu