Mtoto Juu ya Ukuta wa Kambi

Mjukuu wangu Neema,

Huku Guildford tuko wazima. Baba yako ananinawisha mikono kama mimi ndiye mtoto. Juzi kwenye simu uliniuliza kama nimekasirika, maana huko hospitali ya Westmead unauguza wagonjwa, na huji kwangu kwa kuogopa kuniletea korona. Simu inanikata maneno, nakujibu kwa mkono wangu.

Mimi nilikuwa winga wa kushoto wa timu ya bandari. Waliniandika kuli, lakini gunia sikubeba hata moja. Walinilipa nicheze, maana hakukuwa na mwingine kama mimi, uliza yeyote aliye hai. Kabla ya fainali tulifungiwa kambini. Kutoka hakuna, na mtu wa nje hupeani naye mkono, asije akakuroga mguu. Wiki hiyo hiyo baba yako akazaliwa. Nikamwambia kocha naruka ukuta, atafute winga mwingine.

Jioni nikasikia bibi yako anaita huko nje, "We bingwa! Kaa hapo hapo, tazama juu!" Akamwinua mtoto juu ya ukuta. "Masikio si yako hayo?"

Yalikuwa yangu, makubwa vile vile. Sikumgusa. Kesho yake nikafunga mabao mawili, na kombe nikampelekea mtoto kwanza.

Hasira ninayo, sikudanganyi, lakini ndani usiingie. Jumapili simama ng'ambo ya barabara, uinue mkono. Utaniona dirishani na jezi yangu.

Ni mimi babu yako, winga.