Gauni Jeupe Nililolirudisha

Jumapili, mwezi wa kumi na moja. Jua limechoma tangu asubuhi, na uwanja wangu hapa Kerege unanuka mabibo ya mkorosho yaliyooza hadi nzi wamechoka.

Nimekaa barazani, miguu nimeipandisha juu ya ndoo maana imevimba. Naandika kwenye simu kwa kidole kimoja. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo anayetaka kunisahihisha herufi aanze na za watoto wake. Mjukuu wangu mkubwa ndiye aliyenifungulia ukurasa huu, akidhani nitaandika mapishi. Mapishi yangu nayajua mwenyewe, sina haja ya kuyaandika.

Leo nimepata aibu, na namshukuru Mungu kwa aibu hiyo. Nitaeleza.

Pale kanisani kwetu, Jumapili ya Chakula cha Bwana, sisi akina mama tunavaa gauni jeupe na kitambaa cheupe kichwani. Si Mungu aliyeamuru. Niliamuru mimi, mwaka ule waliponichagua kuwa mzee wa kanisa, na wenzangu wakakubali kwa sababu hakuna aliyetaka kubishana na mimi. Kisha nikajipa kazi ya kusimama mlangoni. Mwanamke akija na jeupe lililogeuka manjano, namwambia rudi nyumbani mwanangu, kwa Bwana hatuendi na doa. Wengine wanatoka mbali. Yupo mama mmoja wa Mlingotini, mchuuzi wa dagaa, nilimrudisha mwaka jana kwa ajili ya alama ya masizi begani. Alikuwa ameamka alfajiri. Aligeuka akaondoka, nami nikaingia ndani kifua mbele nikaimba.

Nilikuwa naulinda utakatifu wa Mungu. Ndivyo nilivyojiambia.

Sasa sikilizeni habari ya Tabu. Tabu ni mke wa mwanangu Elifuraha. Ni Mkwere wa Mkange, fundi cherehani, ana kibanda chake hapa barabarani. Miaka tisa iliyopita Elifuraha alimleta kwangu, tumbo tayari limeshatangulia. Mimi ni mjane wa mwalimu, nimetoka Upareni na mume wangu nikiwa kigori, nimelea watoto watano hapa ugenini na wote wamebatizwa. Nilimtazama yule binti juu hadi chini nikasema moyoni, huyu hapana.

Alikuja na zawadi. Gauni jeupe, alilishona mwenyewe kwa kunikadiria kwa macho, limekunjwa ndani ya kanga mpya. Sikulifungua hata. Nilimwambia Elifuraha amrudishie, mimi sivishwi na mtu nisiyemjua kwao.

Walipotaka kufunga ndoa, mchungaji wa wakati ule alitaka mzazi asimame. Nikakataa kusimama. Mtoto akazaliwa, mwaka ukapita, wakaendelea kukaa pamoja. Na kwenye kikao cha wazee ni nani aliyenyoosha mkono kusema kwamba Elifuraha na mwenzake wanaishi bila ndoa, watengwe na Meza ya Bwana?

Mimi.

Niliwafungia mlango mimi, halafu nikawashitaki kwamba wako nje. Hili sijawahi kulisema kwa mdomo. Leo naliandika.

Miaka tisa Tabu amekuja kanisani na kukaa benchi la nyuma. Wenzake wakienda mbele kupiga magoti, yeye anabaki na mtoto mapajani. Na kila asubuhi, naapa, hakuna asubuhi aliyopita hapa bila kunisalimu. Shikamoo mama. Namjibu marahaba bila kuinua uso. Jina lake sikulitaja, nilikuwa namwita yule wa Mkange.

Mchungaji huyu mpya ni kijana, lakini ana subira ya ng'ombe. Amekuja barazani hapa mara sita. Hakunigombeza, maana angenigombeza tungegombana. Alikuwa anakula muhogo wangu na kuniuliza, mama, wewe ulistahili nini ulipopokelewa? Mara ya sita nikachoka, nikakubali kusimama. Wiki mbili zilizopita ndoa ikafungwa, nikaenda na uso wangu wa ndimu, nikakaa ukingoni. Ikatangazwa kwamba leo Tabu na Elifuraha watarudishwa kundini na kushiriki Meza kwa mara ya kwanza tangu watengwe.

Nikamwambia mchungaji wazi: ndoa nimeikubali, lakini kupiga magoti mstari mmoja na yule, nitajifikiria.

Basi jana mchana nikafua gauni langu. Jeupe ninalo moja tu, kauka nikuvae. Siku zote naanika nyuma ya jiko, kwenye mpapai, kwa sababu kila mwenye akili katika ukanda huu anajua kwamba msimu wa mabibo huaniki nguo nyeupe karibu na mkorosho. Maji ya bibo yakiwa mabichi huyaoni, yakikauka yanakuwa kama kutu, na doa lake linakufa na nguo. Nimewagombeza mabinti wangapi kwa kosa hilo!

Jana nilifunga kamba mkoroshoni.

Nitasema kwa nini. Njia ya kwenda kanisani inapita mbele ya mkorosho. Tabu alikuwa apite jioni kwenda kwenye mafundisho ya mwisho. Nilitaka apite alione gauni langu linavyong'aa, ajue anakwenda kukaa mezani na watu wa namna gani. Naam, ndiyo sababu. Hakuna nyingine.

Alipita, akatazama, akasema, "Limetakata, mama." Nikageuza uso kama sikusikia. Giza likaingia, mguu ukaniuma, nikalala nikasahau kuanua. Popo wakala mabibo yao juu ya gauni langu usiku kucha.

Asubuhi nililikuta lina madoa tangu kola hadi pindo. Nikaloweka kwa ndimu na chumvi. Nikajaribu majivu. Nikaweka dawa ya madoa ya dukani, ile kali inayochubua mikono. Madoa yakazidi kukolea, kama yananicheka. Jirani yangu Bi. Mwanahamisi akaniona toka uani kwake, akaegemea uzio.

"Shoga, wewe si ndiye unayetufundisha kufua?"

Nikamwambia aende akasali. Akasema ameshasali tangu alfajiri, sasa amekuja kutazama maajabu. Yule bibi ana ulimi, lakini dakika haikupita akaniletea kipande cha sabuni ya mbuni, ile ya kufulia. Nacho hakikusaidia.

Hapo nikakaa kwenye kigoda, beseni mbele yangu. Sheria ni yangu. Doa haliruhusiwi, na aliyeiweka sheria ni mimi. Nikajisemea, basi, leo siendi. Na nikiwa mkweli, ndani kabisa nilisikia nafuu. Nilikuwa nimepata sababu safi ya kutopiga magoti na Tabu, na hakuna atakayenilaumu. Watasema maskini bibi, gauni lake limeharibika. Kumbe ningekaa nyumbani siku mke wa mwanangu anarudishwa, naye angejua kwa nini, na asingesahau mpaka ananizika.

Elifuraha alikuwa ametangulia na watoto kupanga mabenchi. Tabu akaja peke yake kunichukua, amevaa jeupe. Alisimama akatazama beseni, akatazama mkorosho, akaelewa yote. Nilingoja acheke. Ningekuwa mimi, ningecheka.

Alisema, "Ngoja mama, nakuja."

Alirudi anahema, ameshika furushi. Kanga niliitambua kabla hajalifungua, ile ile, sasa imepauka. Akatoa gauni. Lilikuwa limenyooshwa, na kwenye mikunjo lilinukia karafuu alizoliwekea lisiliwe na wadudu.

Sikujua pa kuweka uso. Nikatafuta maneno, nikapata yale ya kijinga kuliko yote. Nikamwambia sawa, nitalivaa, lakini aniambie bei, nitamlipa.

"Siuzi, mama," alisema. "Lilikuwa lako tangu siku ile."

Jamani, mimi nina miaka sabini na kitu. Nimesikia mahubiri tangu nikiwa mgongoni kwa mama yangu. Nimesikia mara elfu kwamba haki tunapewa bure, kwamba hatuinunui kwa kufua wala kwa kufunga wala kwa kusimama mlangoni. Nimewafundisha watoto wa kipaimara neno hilo hilo na kuwachapa walioshindwa kulikariri. Sikuwa nimelielewa. Niliamini ni bure kwa wengine, wale wenye madoa. Mimi nilidhani nimekwenda na vazi langu mwenyewe.

Niliingia ndani nikavua kanga, nikalivaa. Nilitoka nje. Bi. Mwanahamisi akanitazama toka uzioni, akasema tu, "Mashallah, limekukaa." Hata yeye hakutania.

Tulitembea pamoja. Tulipofika mlangoni, akina mama wakanipisha nisimame mahali pangu. Nikasimama kwa mazoea. Na wa tatu kufika alikuwa yule mama wa Mlingotini. Kitambaa chake kimefifia, kina kiraka pembeni. Aliponiona alisita, akashika kile kiraka kwa kiganja kukifunika. Niliuona mkono wake ukifanya hivyo, na huo mkono sitausahau. Nikamkunjua vidole taratibu, nikamwekea kitambaa vizuri kichwani, nikamwambia ingia mama, karibu, na mwaka jana nilikukosea. Akanitazama kama mtu aliyesikia mbuzi akisema. Akaingia.

Kisha niliuacha mlango. Mlango wa Mungu haunihitaji mimi kuulinda, ulisimama kabla sijazaliwa.

Msinielewe vibaya, ninyi vijana mnaopenda kusema Mungu haangalii. Anaangalia. Ni mtakatifu, na utakatifu wake haupunguzwi ili sisi tutoshee. Doa ni doa, nimelikodolea macho asubuhi nzima ndani ya beseni, halikutoka kwa nguvu zangu wala kwa dawa ya dukani. Hilo ndilo lililoniogopesha leo na kunifurahisha kwa pamoja: yule mwenye uwezo wote, asiyeweza kudanganywa na sabuni, ndiye huyo huyo aliyenitengenezea vazi nilipokuwa nimemgeuzia mgongo.

Tabu na Elifuraha waliitwa mbele. Mchungaji akauliza ni nani atakayewapokea kwa niaba ya wazee. Wenzangu wakanitazama mimi, wakitarajia nitazame sakafu. Niliinuka. Magoti yalilia. Nikamshika Tabu mkono mbele ya watu wote, nikasema nilichoweza kusema.

"Huyu ni mwanangu Tabu. Nje nilimweka mimi."

Elifuraha, mwanaume mzima mwenye ndevu, alilia kama siku aliyoachishwa ziwa. Mchungaji akatuita Mezani.

Tulipiga magoti mstari mmoja, mimi na yeye, bega kwa bega. Nikiwa nangoja mkate, mkono wangu ulishuka ubavuni, kwenye mshono wa gauni. Mimi si fundi, lakini vidole vyangu vimeshona viraka vya watoto watano. Nikasikia vitundu vidogo vidogo, mstari wa mshono wa zamani uliofumuliwa. Kando yake, ndani zaidi, mstari wa pili. Kisha mshono wenyewe. Ndipo nikakumbuka: miaka tisa iliyopita nilikuwa mnene. Nguo zangu zote za wakati ule zinanipwaya kama magunia. Hili lilikuwa limenikaa sawasawa.

Njiani kurudi nikamuuliza. Alicheka kidogo, akatazama chini.

"Ulipougua ule mwaka, ulipungua. Nikalipunguza. Mwezi wa tano nikaona umepungua tena."

Kila asubuhi ile shikamoo, mimi sikuinua uso, na yeye alikuwa ananipima.

Nimelia njia nzima na sikujali nani ananiona. Tulipofika, alitaka kwenda kwake kuwapikia watoto, nikamwambia leo wote wanakula kwangu, nami ndiye nitakayepika, na asiguse sufuria. Akagusa. Tukagombana kidogo kuhusu chumvi. Anatia chumvi nyingi yule, na hilo nitaendelea kumwambia.

Lile gauni la madoa nimelifua mara ya mwisho, nimelianika. Sikulitupa. Jumapili ya Meza ijayo nitalivaa hilo, na madoa yake yote, nikaketi benchi la nyuma alilokalia Tabu miaka tisa, nione kanisa linaonekanaje ukiwa kule. Hili jeupe nimelikunja ndani ya ile kanga iliyopauka, na karafuu zake. Nimemwambia Tabu alitunze yeye.

Nikifa, anivishe hilo. Na kama nitakuwa nimepungua tena, anajua la kufanya.