Utaivaa Siku Gani?

Kasese, Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Wabukire, Mama. Huko Butembo mmeamkaje? Goti lako linakubali kupanda mpaka kanisani? Mimi huku ni mzima, hata nimenenepa, na leo naandika kwa majivuno, utanisamehe.

Ulisikia kwamba karakana yetu ya kushona ilikuwa inachelewesha kazi. Bosi wetu, mzee Baluku, alisema sare za shule zikichelewa tena, atafunga safu ya pili ya mashine, na akina mama wa safu hiyo, wengi wao watu wa kwetu, wakae nyumbani. Niliogopa sana kwa ajili yao. Ndipo akanipa mimi kazi ya kupanga kinachoshonwa kwanza.

Shida niliiona upesi. Gari letu hupeleka nguo Bwera, huko mpakani, kila Ijumaa, siku ya soko, basi mteja yeyote akiulizwa anataka lini, anajibu Ijumaa. Kila kitu Ijumaa! Aliyepiga kelele ndiye aliyeshonewa, uzi ukabadilishwa kila mara, na mashati ya jana yakabaki bila mikono. Mimi sasa nauliza: utaivaa siku gani? Ya siku ya karibu inatangulia, na za rangi moja zinafuatana.

Jumatatu Bosi mwenyewe akaja na vitambaa vya harusi ya shemeji yake.

"Kavira, muanze na hii, iko ya familia."

"Patron, arusi iko lini?"

"Mwezi ujao."

"Basi ingoje. Batoto ya shule beko naingia masomo juma hii."

Alininunia siku nzima. Lakini sikubadilisha kitu.

Sista wa shule alipokuja, sare zote zilikuwa zimepigwa pasi na kufungwa. Bosi alivuta vifungo akitafuta kosa, akakosa. Kisha akawaambia akina mama wa safu ya pili wasiende popote, magauni ya shemeji yanawangoja wao. Tulipiga vigelegele hadi majirani wakachungulia.

Nisalimie kaka Muhindo, mwambie aache uvivu wa kuandika, na shangazi aliyenifundisha kushika sindano.

Kitenge ulichonitumia nimekipokea, ni kizuri mno. Lakini unasema tu utakuja siku moja, Mungu akipenda, na hapa nguo isiyo na siku inakaa chini kabisa ya rundo, hata ikiwa ya mama mzazi. Nina hamu nawe, Mama. Nitajie siku utakayovuka mpaka, nami nitakishona kwanza.

Mwanao,
Kavira