Stesheni Aliyokuachia Baba

Mdogo wangu,

Kuna jambo nimekuficha tangu tulipomzika baba, na sitaki kufa nalo. Uvumilie mwandiko. Naandika nikiwa kitandani, na mkwe wangu ananishikia karatasi huku akitazama pembeni kwa adabu.

Ile meza ya treni ndogo bado iko chumba cha nyuma. Unakumbuka baba alivyoshikiza vijumba vyake kwa tone la nta tu, visianguke treni ikipita, lakini ving'oke wakati wa kusafisha? "Nyumba ya gundi ni ya mtu mvivu wa kufagia," alikuwa akitutania.

Kile kijumba cha stesheni alikuachia wewe. Ulipokuja kuichukua uliivuta taratibu, kama alivyotufundisha, kuta zikakuvunjikia mkononi na sakafu ikabaki mezani. Mama akasema, "Udongo wa baba yako haujakauka, umeshaanza kuvunja?"

"Mama, nimeigusa tu."

"Hiyo mikono au kwato?" nikadakia, na watu wakacheka.

Uliondoka bila kuaga, na mama alikufa akikuita mharibifu. Sakafu ile bado imeganda palepale. Kila nikipangusa vumbi naizunguka, siwezi kuitazama.

Hukuvunja kitu, ndugu yangu. Asubuhi ile, kabla hujafika, niliibandua nta ya baba nikapaka gundi, kwa sababu sikutaka uichukue.

Kaka yako