Linki ya Dada Fundi

Shoga, dada yangu yuko hoi. Mwezi mzima anawabembeleza wenye tovuti waweke linki ya tovuti yake mpya ya magauni ya harusi. Wote kimya.

Leo mmoja kaweka. Ni mwandishi, dada aliwahi kumshonea gauni la harusi.

Sasa mwandishi huyo anasimulia kwenye tovuti yake alivyoikimbia harusi hiyo. Eti vifungo vya mgongoni vilichelewa kufungika, akapata muda wa kufikiri. Kwenye neno "vifungo" ndipo kaweka linki. Kwenye vifungo, shoga.

Dada kajiinamia kwenye cherehani. "Nani atanunua gauni la kukimbilia?"

Watu wakamiminika kwenye tovuti. Kisha binti mmoja akamwandikia dada: "Mama, nishonee lenye vifungo vilevile."

Dada hakumtajia bei. Kampigia simu: "Njoo mwanangu, tuongee kwanza."