Goti la Mama na Ishara Zilizozimwa

3 Machi

"Uvimbe ni adui, dawa yake ni kuuzima." Hivyo ndivyo ulivyoniandikia kuhusu goti la mama, mdogo wangu, hata hujanijulia hali. Mzima, asante. Wifi hajambo? Na mama, bado unamsimamisha kwenye meza ya pasi?

Kazi yangu ni maabara, kwa hiyo nisikilize. Mama alipoteleza kwenye ngazi za duka lako la dobi, mwili ulituma chembe nyeupe za damu gotini kupambana. Huo ndio uvimbe, na haukomi kwa kuchoka tu. Mwili hutengeneza, kutokana na mafuta, ishara zinazoamuru: chembe mpya zisije, zilizomaliza kazi zife, wafagiaji, chembe za kula mabaki, waingie. Ishara za mwanzo, zile zinazowasha uvimbe, ndizo huziamsha hizo za kuumaliza. Vidonge vyako vya kuzima uvimbe vinaweza kuvuruga zote. Siku chache, sawa. Wewe unampa kama njugu, asisikie maumivu, mashati ya wateja yanyooke!

Acha. Mpeleke hospitali.

Dada yako

11 Machi

Dada,

Shikamoo, kama bado unaipokea. Huku wazima, hata goti. Ishara zako umeziona kwa panya. Mama si panya. Vidonge anaviomba mwenyewe: "Nipe, nisikae kama mgonjwa." Wewe uliye mbali ndiye unayempenda, sisi tunaomwogesha tunamuua? Njoo upige pasi basi.

Mdogo wako

2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mama amelazwa jana. Ametapika damu. Daktari kauliza anatumia dawa gani, nikasema hakuna. Wifi yako akataka kusema, nikamkanyaga mguu. Usinitukane.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Ujumbe wako umenifikia kwenye simu sasa hivi; hali yako siulizi.

Ya goti, kweli, mengi tumeyaona kwa panya. Ya tumbo hayana ubishi: miongoni mwa ishara hizo za mafuta zimo zinazolinda ukuta wa tumbo, nawe umezizima wiki nenda wiki rudi. Daktari anamtibu gizani kwa sababu unaogopa kuonekana mjinga. Mjinga ni wewe, mama anajua tangu unatambaa, na bado anakupenda. Daktari asipoambiwa, kesho atamchoma mama dawa ya aina hiyohiyo kwa ajili ya goti.

Inuka. Chukua boksi la vidonge, nenda wodini, sema: nilimpa hivi, kiasi hiki, tangu Februari. Nawe wifi, najua unasoma begani kwake: akisita, sema wewe.

Dada yenu